Ukuta wa Mchanga Baina ya Ndugu: Safari Yetu ya Tindouf

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa za namna hii habari za miji yenye kutajika katika Uislamu: Makka na Madina, Cairo na Damascus, Fez na Kurtuba. Mara hii tunawaomba watufuate hadi mahali pasipokuwa na msikiti wa fahari wala kasri, pasipopita mto wala kuota miti ya kivuli. Hata hivyo mahali hapo pana Waislamu zaidi ya laki moja na nusu, wasalio sala tano na kufunga Ramadhani, nao wanangoja kurejea kwao tangu mwaka 1975. Hayo ni makambi ya wakimbizi wa Sahara ya Magharibi, karibu na mji wa Tindouf, kusini magharibi ya Aljeria.

Hatuandiki haya kwa kutaka kuchochea chuki juu ya taifa lolote la Kiislamu. Twaandika kwa sababu vita vilivyowafikisha watu hawa huko ni vita vya Mwislamu na Mwislamu, na wengi wetu tulikuwa hatuvijui hata kwa jina. Kutojua huko ndiko kulikotutia haya tulipokuwa wageni wao.

Tuliondoka Algiers kwa ndege wakati wa magharibi, tukaruka zaidi ya kilomita 1,400 kuelekea kusini. Mwanzo tuliona taa za miji, kisha taa chache za vijiji, kisha giza tupu. Tulipotua Tindouf usiku ulikuwa umeingia sana, na baridi ya jangwani ilitupiga hata tukajuta kwa nguo nyepesi tulizovaa. Magari yalitupeleka kwa msafara, na alfajiri ilipopambazuka tukatoka nje kuitazama nchi tuliyofikia. Ilikuwa bapa kama sinia, rangi ya udongo uliochomwa, mawe na changarawe hadi upeo wa macho. Wenyeji huiita ardhi ya namna hiyo hamada. Wakati wa kiangazi joto lake hupita digrii 50, na upepo ukivuma hujaza mchanga katika macho, katika chakula na katika vitabu vya watoto.

Makambi makubwa ni matano, na kila moja limepewa jina la mji ulioachwa nyuma: El Aaiún, Smara, Auserd, Boujdour na Dakhla. Ofisi za utawala ziko mahali pengine paitwapo Rabouni. Majina hayo yanaumiza ukiyatafakari. El Aaiún kwa Kiarabu ni chemchemi, na katika kambi hiyo hapana chemchemi; katika makambi mengi maji huletwa kwa magari na kujazwa katika matangi ya chuma na ya mpira mbele ya nyumba. Dakhla ya asili ni mji uliozungukwa na Bahari ya Atlantiki, na Dakhla ya makambi iko ndani kabisa ya jangwa, mbali hata na makambi mengine. Tuliona huko watoto wajuao samaki wa kopo tu. Sisi tuliokulia pwani tulishindwa kuwaeleza maji kupwa na kujaa ni nini.

Watu hukaa katika mahema, ambayo wao huyaita khaima, na kando ya hema hujenga vyumba vya matofali ya udongo usiochomwa. Mwezi wa Oktoba 2015 ilinyesha mvua kwa siku nyingi mfululizo, na maelfu ya nyumba hizo zikayeyuka kama sukari. Watu walizijenga upya kwa udongo ule ule. Chakula chao kwa sehemu kubwa ni cha msaada: unga, mchele, dengu, mafuta na sukari. Ugonjwa wa upungufu wa damu ni mwingi kwa wanawake na watoto. Mbuzi wao hufungiwa katika mazizi yaliyoungwa kwa vipande vya mabati na nyavu za waya, nao hula hata makaratasi, kwani majani hakuna.

Ilipofika adhuhuri tulikwenda kusali katika msikiti mdogo wa udongo katika kambi ya Smara. Baadhi yetu tulitayamamu, na tuliona jinsi rukhsa ile tuliyofundishwa chuoni utotoni ilivyo rehema kubwa kwa mtu aishiye mahali kama hapa. Watu hawa ni wafuasi wa Imam Malik, na wengi wao husimama katika sala hali wameachia mikono ubavuni. Katika chuo kilichokuwa karibu watoto walikuwa wakihifadhi Kurani kwa mbao za kuandikia, kama zile walizosomea babu zetu katika vyuo vya mwambao. Mwalimu akisahihisha, mtoto akisoma kwa sauti, na mvumo wake ulikuwa ule ule wa kwetu. Tulijiona tumo nyumbani.

Tulikaribishwa na mama mmoja mwenye umri wa miaka sitini hivi. Alikuwa amejitanda melhfa, nalo ni vazi la wanawake wao, kitambaa kimoja kirefu kizungukacho mwili wote hadi kichwani. Alikaa mbele ya jiko la makaa, akapika chai kwa birika dogo, akiimimina na kuirudisha kutoka gilasi hadi gilasi mpaka ikafanya povu. Desturi yao ni gilasi tatu: ya kwanza, wasema, ni chungu kama maisha, ya pili ni tamu kama mapenzi, na ya tatu ni laini kama mauti. Mgeni hasimami kabla ya ile ya tatu. Kijana mmoja aliyezaliwa makambini, aliyesoma chuo kikuu Aljeria, ndiye aliyekuwa akitufasiria Kiarabu chao cha Hassania.

Mama yule alitwambia kwamba aliondoka mji wa El Aaiún mwishoni mwa mwaka 1975, naye ni mtoto wa miaka kumi. Walitoka usiku. Mama yake alichukua mtoto mchanga, msahafu, birika na unga kidogo. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa karibuni, alibaki na mumewe, na wote walidhani kwamba watarejea baada ya wiki mbili. Walitembea usiku na kujificha mchana kwa kuogopa ndege. Mwezi wa Februari 1976 ndege za Moroko zilipiga kambi ya wakimbizi iliyokuwa Oum Dreyga, na miongoni mwa mabomu yaliyotupwa yalikuwamo yale ya moto wa napalm. Waliosalimika walikimbilia mpaka wa Aljeria. Hapo Tindouf hapakuwa na kitu. Wanaume walikuwa vitani, na wanawake ndio waliosimamisha mahema, waliogawa chakula, waliofungua madarasa na waliozika watoto waliokufa kwa surua na baridi.

Hapa yafaa tueleze asili ya jambo hili, ili vijana wetu wasidhani kwamba Waislamu hawa waligombana bila ya sababu. Nchi ya Sahara ya Magharibi ina eneo la kilomita za mraba 266,000, na watu wake walikuwa makabila ya wafugaji waliofuata mvua na ngamia zao. Mwaka 1884 Hispania ilitangaza kuwa pwani ile iko chini ya himaya yake, na wakoloni wakachora mistari katika ramani pasipo kumuuliza mwenye ngamia. Watu wa nchi hawakukubali kirahisi. Sheikh Ma el-Ainin, mwanachuoni mkubwa aliyejenga mji wa Smara mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Sultani wa Moroko, aliongoza jihadi ya kuwazuia Wafaransa mpaka alipofariki mwaka 1910. Kaburi lake liko Tiznit, ndani ya Moroko. Watu wa pande zote mbili za ugomvi wa leo humtaja sheikh huyo kuwa ni wao.

Baadaye ikajulikana kwamba chini ya mchanga wa Bou Craa mna fosfati nyingi sana, na Wahispania wakajenga mkanda wa kuichukua hadi baharini, urefu wake karibu kilomita 100. Bahari ya huko nayo ina samaki tele. Hapo ndipo jangwa lililodharauliwa likawa lenye kutamaniwa. Tarehe 10 Mei 1973 vijana wa nchi waliunda chama cha Polisario, wakaanza kupigana na Wahispania. Moroko nayo ilikuwa ikidai kwamba nchi ile ni sehemu yake ya kusini iliyonyang'anywa na mkoloni, na kwamba makabila ya huko yaliwapa bai'a masultani wake. Mauritania nayo ikadai fungu lake.

Shauri hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 16 Oktoba 1975 mahakama ilitoa rai kwamba baadhi ya makabila yalikuwa kweli na uhusiano wa utii kwa Sultani wa Moroko, na kwamba ulikuwapo uhusiano na Mauritania pia, lakini uhusiano huo haukuwa milki ya nchi iwezayo kuwaondolea watu haki ya kuamua mambo yao wenyewe. Kabla ya mwezi kutimia, tarehe 6 Novemba, Mfalme Hassan II alipeleka raia wake 350,000 kuvuka mpaka bila ya silaha, mikononi mwao wakiwa na bendera na misahafu. Msafara huo wameuita Masira ya Kijani. Tarehe 14 Novemba Hispania ilitia sahihi mapatano mjini Madrid ya kuwapa Moroko na Mauritania utawala wa nchi. Wenyeji hawakuulizwa. Tarehe 27 Februari 1976 Polisario walitangaza Jamhuri yao, na vita vikapamba moto.

Tulipolisikia jambo hilo la misahafu kutoka kwa mama yule tulinyamaza kwa kitambo. Waliokuja walikuja na Kitabu cha Mwenyezi Mungu mikononi, na waliokimbia walikimbia nacho vifuani.

Vita vile vilidumu miaka 16. Kiongozi kijana wa Polisario, El-Ouali Mustapha Sayed, aliuawa mwaka 1976 katika shambulio la Nouakchott. Mauritania ilichoka, na mwaka 1979 ikafanya suluhu na kujitoa, na Moroko ikaichukua sehemu ile pia. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1987 Moroko ilijenga ukuta wa mchanga na mawe wenye urefu wa kilomita 2,700 hivi, unaolindwa na askari wengi na kuzungukwa na mamilioni ya mabomu ya kufukiwa. Upande wa magharibi wa ukuta kuna miji, fosfati na bahari. Upande wa mashariki ni jangwa lililobakia mikononi mwa Polisario.

Huko Rabouni tulionyeshwa nyumba ya makumbusho ya vita. Mna vifaru, mizinga na mabomu yaliyotekwa: vitu vya Wafaransa, vya Wamarekani, na hata magari ya deraya yaliyoundwa na makaburu wa Afrika Kusini. Na silaha za Polisario wenyewe zilikuwa za Kirusi, zilizowafikia kwa njia ya Aljeria na Libya. Wauzaji walikuwa mbali, na waliokufa walikuwa ndugu.

Mzee mmoja aliyekuwa mpiganaji, aliyekatika mguu kwa bomu la ardhini, alitusimulia jambo ambalo hatutalisahau. Alisema kwamba zamani alipokuwa zamu karibu na ukuta, upepo wa alfajiri ukituama, aliweza kusikia adhana ya askari wa Moroko. Alikuwa akiitikia maneno ya muadhini kama ilivyo sunna, kisha akisali. Kibla cha nchi ile ni mashariki. Basi yeye akisali huupa ukuta mgongo, na askari wa Moroko akisali huelekea kule kule aliko adui yake. Katika wakati ule, alisema, kila mmoja angeweza kumuua mwenzake kwa urahisi. Tukamuuliza, "Mzee wetu, nawe ulikuwa ukiona nini moyoni?" Akajibu, "Nilikuwa nikimwomba Mola asinifishe kwa mkono wa mtu atakayenisalia."

Bara letu halikukaa kimya kabisa. Tanzania iliitambua Jamhuri ile mwaka 1978. Mwezi wa Juni 1981, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Nairobi, Mfalme Hassan II alikubali kwamba ipigwe kura ya maoni. Miaka kumi ikapita kabla ya jambo hilo kukaribia kutendeka. Tarehe 6 Septemba 1991 vita vilisimamishwa chini ya Umoja wa Mataifa, na kura ilikusudiwa ipigwe Januari 1992. Haikupigwa. Pande mbili zilishindana juu ya nani ana haki ya kupiga kura. Hesabu ya Wahispania ya mwaka 1974 ilikuwa imetaja wenyeji 73,497. Umoja wa Mataifa ulipomaliza kuwachungua watu uliwakubali zaidi ya 86,000, na rufaa zilizoletwa zikapita 130,000. Mwaka 2007 Moroko ilitoa shauri la kuipa nchi ile madaraka ya ndani chini ya ufalme wake, na Polisario wakalikataa, wakishikilia kura.

Katika kungoja huko, jambo moja la rehema lilitendeka. Kuanzia mwaka 2004 ndege za Umoja wa Mataifa zilichukua jamaa kutoka pande zote mbili za ukuta, wakae pamoja siku tano. Mwenyeji wetu alipata nafasi mwaka uliofuata, akaenda El Aaiún kumwona dada yake baada ya miaka thelathini. Alisema kwamba uwanjani hawakujuana. Dada alimtambua kwa sauti alipotoa salamu. Siku tano walikaa bila ya kulala sana. Safari zile zilisimama baadaye, na habari ya kufa kwa dada yake aliipata kwa simu. "Nilimsalia sala ya ghaibu hapa hapa," alisema, akaonyesha mkeka tuliokalia.

Na tusisahau kwamba upande wa pili nao una mama. Askari wa Moroko waliotekwa walikaa vifungoni hapa jangwani miaka mingi. Wa mwisho, watu 404, waliachiliwa Agosti 2005, na baadhi yao walikuwa wamefungwa miaka karibu ishirini tangu vita kusimama na kabla yake. Mtu alitoka kwao akiwa kijana, akarudi na mvi, akakuta mtoto wake ameoa. Machozi ya mama wa Moroko hayana tofauti na ya mama wa Sahara.

Tarehe 13 Novemba 2020 usitishaji wa vita ulivunjika huko Guerguerat, karibu na mpaka wa Mauritania. Tangu hapo risasi zimerejea, na ndege zisizo na rubani zimeua watu mashariki ya ukuta. Dola kubwa zimeendelea kuliunga mkono shauri la Moroko: Marekani mwaka 2020, Hispania 2022, Ufaransa 2024; na mwezi wa Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kulifanya shauri hilo kuwa msingi wa mazungumzo. Aljeria haikushiriki katika kura hiyo, na Polisario hawakuridhika.

Usiku wa mwisho kijana mfasiri wetu aliacha kufasiri, akasema yake. Alisema, "Wazee wetu waliweka silaha chini wakaambiwa wangoje miezi. Mimi nimezaliwa katika kungoja, nimesoma katika kungoja, nimeoa katika kungoja. Vita viliporejea mwaka 2020 marafiki zangu walishangilia. Niambieni, ninyi mliotoka mbali, tulikosea?" Mama yule akamtazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wewe umeyasikia mabomu katika hadithi. Mimi nimemzika mdogo wangu." Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, lakini tuliona kwamba hakukinai. Nasi hatukuwa na jawabu. Ni rahisi kumhubiria subira mtu ambaye haki yake imewekwa sandukuni miaka hamsini. Lakini subira ya mwenye kudhulumiwa haimwondolei lawama mwenye kuchelewesha haki.

Wasomaji wetu, Sura ya Hujurat imeamrisha kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana tuyapatanishe, na ikaongeza kwamba upatanishi huo uwe wa uadilifu. Watu wengi huishika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Wapo wasemao, "Yaishe tu, sote Waislamu," bila ya kuuliza nani amekosa nyumba. Wapo pia wanaoitaka haki lakini hawataki kusikia neno la mapatano. Na wengi zaidi, kama sisi kabla ya safari hii, hawasemi lolote kwa kuwa hawajui. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kumsaidia ndugu yetu hata akiwa mwenye kudhulumu, na msaada wake ni kumzuia na dhuluma. Basi Mwislamu wa Afrika Mashariki akimpenda ndugu yake wa Moroko, na tunampenda, hana budi kumwambia kwamba nchi haipatikani kwa kutoulizwa watu wake. Na akimpenda ndugu yake wa Sahara amwambie kwamba mlango wa mazungumzo usifungwe kwa hasira, kwani risasi za vijana hurudi kwa mama zao.

Tulipoaga alfajiri mama yule alitutilia tende katika mfuko. Tulikataa, tukijua jinsi zilivyo haba, akatwambia kwamba mgeni hatoki mikono mitupu katika khaima yake. Tulizila njiani, na kokwa zake tumezileta nyumbani kuwaonyesha watoto wetu. Nanyi waonyesheni watoto wenu katika ramani mahali tulipopataja, na katika dua zenu baada ya sala watajeni watu wa pande zote mbili za ukuta ule.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikutanishe nyoyo za waja wake hao, amrejeshe kila mkimbizi kwao kwa haki na salama, na awape wenye kutawala hofu ya siku watakayoulizwa. Amin.